Sehemu ya Asiyekiri Katika Ua

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo; waheshimiwa wakuu wa vitivo na idara; wahadhiri wenzangu mlio kazini na mliokwisha kupumzika; wageni wetu kutoka mahakama ya dini, na wageni wetu kutoka chama cha walimu wasiofungamana na dini, ambao naona mmeketi pande mbili za ukumbi huu kana kwamba mlipangiwa, ingawa nina hakika hakuna aliyewapangia; Hakhamu Rahamim Amedi, uliyewekwa safu ya mbele kwa heshima ya goti lako; Mama Mazal, mkewe; wanafunzi wa idara; na wewe, Profesa Amiel Brodnik, ambaye itifaki imekuweka mwisho wa orodha ingawa sote tumekuja kwa ajili yako: amani iwe juu yenu.

Nimepewa kazi ya kumuaga mwalimu wangu, na ni kazi yenye hatari yake. Mtu anapostaafu hulipwa kwa sifa, na kwa kuwa sifa hazimgharimu anayezitoa, mara nyingi hupewa zisizo zake. Leo hii, wakati wa kahawa, kabla hatujaingia humu, nimesikia sifa mbili za namna hiyo. Mgeni mmoja, mwenye kofia nyeusi, alimwambia mwenzake, "Huyu Brodnik ni mcha Mungu, ila hajijui tu." Dakika chache baadaye, karibu na meza ya keki, mama mmoja mwalimu alimwambia rafiki yake, "Huyu ni wetu kabisa. Miaka yote amekaa katikati yao na hawakumweza."

Wote wawili walisema kwa mapenzi, na wote wawili wamekosea. Kwa kuwa mtu tunayemuaga alitufundisha kwamba kosa la kirafiki hurekebishwa mapema kuliko kosa la adui, kwa sababu hilo la kirafiki hukaa, naomba muda huu niutumie kuonyesha wamekosea wapi. Nitafanya hivyo kwa kisa kimoja. Nilikuwepo kilipotokea, na wahusika wake wawili, Profesa na Hakhamu Rahamim, wamenipa ruhusa ya kukisimulia, kila mmoja kwa sharti kwamba nisiyaongeze maneno ya mwenzake.

Kwanza niseme swali alilolishughulikia Profesa Brodnik maisha yake yote. Wanafikra wetu wa zama hizi, tangu watu wetu walipoanza kutoka katika mitaa iliyofungwa malango usiku, wamejiuliza: Myahudi aliyepewa uraia afanye nini na sheria aliyorithi? Jibu lililopata wafuasi wengi liligawanya dunia sehemu mbili. Dini ikapewa nyumba. Akili na dola zikapewa barabara. Ndani uwashe mishumaa upendavyo; nje uwe raia kama raia wengine. Ni jibu safi, na limeokoa wengi. Brodnik mwenyewe alilitetea katika kitabu chake cha kwanza, tena kwa ukali ambao leo, nikiusoma, naona umri wake. Lakini je, kati ya mlango wa nyumba na barabara hakuna kitu? Je, mtu hutoka kitandani akatua barabarani moja kwa moja?

Alikaa mtaa wa Nahlaot, hapa Yerusalemu, katika moja ya zile nyumba za mawe zinazotazamana kuzunguka ua mmoja, wenye kisima kilichofungwa, kamba za nguo na lango la chuma. Nyumba nyingine zote za ua ule zilikuwa za ukoo wa Amedi, watu ambao wazee wao walikuja kutoka milima ya Wakurdi. Hakhamu Rahamim, mwalimu wa sheria yetu ambaye wakati huo alikuwa hakimu katika mahakama ya dini, alikaa mlango wa pili. Kila Ijumaa asubuhi Profesa aliwakaribisha wanafunzi wake sebuleni kusoma, na mimi nilikuwa mmoja wao, mwanafunzi wa shahada ya uzamili niliyekuja na hoja nyingi kuliko soksi.

Ijumaa ninayoisimulia theluji ilikuwa imeanguka tangu usiku. Mimi peke yangu ndiye niliyefika, na nilipofika mabasi yakasimama, kwa hiyo sikuweza kuondoka. Karibu na adhuhuri gari lenye kipaza sauti likapita upande wa juu wa mtaa likitangaza kwamba waya umekatika, nguzo zimeanguka, na hakuna kubeba kitu nje Sabato hiyo.

Wengi wenu mnalijua jambo hili, lakini hoja yangu inalitegemea, kwa hiyo naomba nilitaje kwa usahihi. Siku ya Sabato sheria hairuhusu kubeba kitu, hata mtoto mchanga, kutoka miliki ya mtu mmoja hadi ya mwingine. Waya unaozunguka mji huufanya mji wote uhesabiwe nyumba moja, na hapo kubeba kunaruhusiwa. Waya ukikatika, kila ua unabaki na lake. Wakazi wa ua wanaweza kujifanya nyumba moja kwa kushiriki mkate mmoja, uliotengwa kabla ya jua kuzama. Ushirika huo ndio tunaouita eruvi. Lakini walimu wa kale waliongeza sharti ambalo halimo katika nadharia yoyote ya dola niliyosoma. Akikaa katika ua mtu asiyekiri eruvi, mkate hautoshi. Kutokiri kwake peke yake kunauzuia ua mzima, mpaka awakodishe wenzake sehemu yake.

Basi, tulisikia mlango ukigongwa. Alikuwa Hakhamu Rahamim, theluji imejaa ukingoni mwa kofia.

"Profesa, upo?"

"Niende wapi, Hakhamu? Ingia, utaganda hapo."

"Waya umekatika."

"Nimesikia. Poleni sana."

"Pole yako haitanifaa. Kesho mjukuu wangu anatimiza siku ya nane, anatahiriwa. Baba yangu ndiye atakayempakata. Na jina anampa lake, Yona. Mzee ameng'ang'ania kuishi kwa ajili ya kesho, nakwambia kweli."

Mzee Yona alikuwa amelala chumba cha chini, karibu na lango, tangu sikukuu ya vibanda. Mtoto alikuwa ng'ambo ya ua, ghorofani, kwa mama yake, Yokheved. Profesa, kama kawaida yake, hakuuliza kama jambo ni muhimu. Aliuliza kama ni la lazima.

"Mfanyieni kwa mama yake."

"Baba hapandi ngazi. Hata kuketishwa ni kwa mito miwili na dua."

"Basi mtoto mshusheni sasa hivi kabla jua halijazama, alale kwa mzee."

"Ananyonya, bwana! Umesahau watoto wanakula nini?"

"Mama naye ashuke."

"Yokheved ameshonwa, daktari amesema asikanyage ngazi. Kuna mlango mwingine unataka kuujaribu, au nikae?"

"Kaa. Kwa hiyo mnauhitaji ua."

"Tunauhitaji ua. Mkate Mazal ameshautenga. Waliomo humu wote ni Amedi, isipokuwa wewe."

Hapo ndipo Profesa alipofanya kosa lake la kwanza, na nalitaja kwa sababu ni kosa la mtu mwema. Alisema, "Hilo tu? Nihesabuni pamoja nanyi. Nakubali."

Hakhamu alimtazama. "Unakubali nini?"

"Chochote mnachotaka nikubali."

"Aa, hapana. Usinifanyie hisani ya uongo. Kesho asubuhi utafanya nini?"

"Nitaondoa theluji."

"Kwa kutumia nini?"

"Kwa kijiko cha chai, Hakhamu. Kwa koleo!"

"Koleo liko wapi?"

"Banda la nje, barabarani."

"Utalibeba toka barabarani, mbele za watu, siku ya Sabato, utalima nalo theluji."

"Ndiyo desturi yangu, unaijua."

"Naijua, mke wangu anaijua, mtaa mzima unaijua. Basi wewe hukiri, ndugu yangu. Tena si mwanafunzi wa kutokiri. Ni profesa wake. Ukitia mkono kwenye mkate wangu umeniharibia mkate. Sikuombi ukubali. Nakuomba unikodishe sehemu yako."

Nilicheka. Hawakucheka wao. Profesa alivua miwani, akaiweka juu ya kitabu, akasema kwa sauti ambayo wanafunzi wake wote mnaifahamu, ile ya chini inayokuja kabla ya jibu baya:

"Hapo ndipo siwezi."

Waheshimiwa, naomba mlione pingamizi lake lilivyo, maana halikuwa ukaidi. Kukubali kwa adabu kungekuwa uongo mdogo, wa kijirani, ambao yeye aliuona hauna uzito. Kukodisha kulikuwa kitu kingine. Kukodisha ni tendo la kisheria; anayekodisha husema, "Hiki ni changu kwa namna unayoisema wewe." Alimweleza Hakhamu hivyo hivyo. Akasema yeye anamiliki nyumba kwa hati ya serikali, na kwamba hana sehemu yoyote isiyoonekana, inayoamka Ijumaa jioni na kulala Jumamosi usiku. Akiikodisha atakuwa amekiri ipo.

"Hujakiri chochote," Hakhamu akajibu. "Ukikiri, kodi yenyewe inabatilika. Kodi ni kwa asiyekiri. Sheria inataka ukatae."

"Sikiliza unavyosema, Hakhamu! Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Mtu anatoka nyumbani kwenu, anafunga mlango, anatembea maisha yake yote, halafu anakuta mmeshamwekea kiti huko alikofika. Hata kukataa kwangu mmekuandika kabla sijazaliwa. Mnaniachia nini kilicho changu?"

Sijui kama kuna mtu katika ukumbi huu aliyewahi kulitamka lalamiko la usekula dhidi ya mapokeo kwa ufupi kuliko hivyo. Mimi, kijana niliyekaa pembeni na kikombe, nilidhani mjadala umekwisha, na kwamba Mzee Yona hatampakata mtoto. Hakhamu akanyoosha mkono kwenye rafu, akagusa mgongo wa kitabu cha kwanza cha Profesa.

"Hiki nimekisoma. Ulinipa wewe, nikakisoma chote. Mimi nimo humu?"

"Wewe? Hapana. Kwa jina, hapana."

"Watu kama mimi."

"Wamo."

"Wamo ukurasa gani? Nikukumbushe? Sura ya pili. Tumo kama hatua. Hatua iliyopita. Watu walikuwa hivi, halafu wakaelewa. Sasa niambie wewe uliyesoma, Profesa. Mimi katika sheria yangu nimekupa wewe chumba, tena chumba chenye nguvu ya kunifungia ua wangu wote. Wewe katika kitabu chako umenipa kaburi. Nani kati yetu amemnyima mwenzake kilicho chake?"

Ndugu wageni, ndipo Mama Mazal, huyu aliyeketi mbele akitikisa kichwa kunikataza nisiseme, alipoingia bila kugonga, amebeba bakuli la supu chachu yenye yale madonge ya unga yaliyojazwa nyama, yanayopikwa nyumbani kwao kila Ijumaa.

"Nyie wazee," alisema, "mtoto atabaleghe kabla hamjamaliza. Profesa, kula. Wewe, Rahamim, uso wako umekuwa wa mahakamani, uondoe. Na wewe binti, umekula?"

Profesa alikula. Alikula huku akifikiri, jambo alilozoea kufanya, na alipofika nusu ya bakuli akaweka kijiko.

"Umenishinda mahali pamoja tu," akasema.

"Pamoja panatosha. Wapi?"

"Sura ya pili. Kuhusu Mungu hujanishinda."

"Sikuja kwa ajili ya Mungu. Nimekuja kwa ajili ya ua."

"Basi nakukodisha. Kwa masharti mawili. La kwanza, tuseme wazi kwa maneno kwamba mwenye kukodisha haamini."

"Bila hilo nisingepokea."

"La pili, usimwambie mtu yeyote kwamba Brodnik amerudi."

"Urudi wapi? Unakaa mlango wa pili!"

Hapo walicheka wote. Kisha ikaja shida ya kodi. Hakhamu alisema kitu chochote chenye thamani, hata ndogo sana, kinatosha. Profesa akaonyesha bakuli lililo mbele yake: kodi amekwisha kuipokea, na nusu imekwisha tumboni. Hakhamu akamgeukia mkewe.

"Mazal, supu hii ulimletea kwa nia gani?"

"Nia gani? Alikuwa na njaa."

"Hukusema ni kodi?"

"Tangu lini napeleka kodi? Nimepeleka supu!"

"Basi ilikuwa zawadi. Zawadi haiwi kodi baada ya kuliwa."

"Kwa hiyo?"

"Leta bakuli jingine."

"Rahamim, kwa sheria zako supu ya Sabato itaisha Ijumaa."

Lakini aliileta. Profesa akasimama. Akasema, "Mimi nisiyeamini kwamba ua huu unahitaji kukodishwa, nimekukodisha sehemu yangu ndani yake." Hakhamu akajibu, "Nami nimeipokea kutoka kwako, kwa kuwa huamini." Profesa akaonja kijiko kimoja cha bakuli la pili, kwa uso wa mtu anayetia saini. Nje mwanga ulikuwa umeanza kufifia.

Kuna jambo la asubuhi iliyofuata, na bila hilo mtaondoka mkimdhania ni mtu aliyekubali kushawishiwa kwa supu.

Theluji ilikuwa imerundikana uani usiku kucha. Yule ambaye angembeba mtoto kutoka ngazi za Yokheved hadi mlango wa Mzee Yona angezama hadi magotini. Profesa alikuwa na koleo, na kwa imani yake, au kwa kukosa kwake imani, hakuwa na kizuizi chochote cha kulitumia. Lakini alikuwa amesoma, na alijua kwamba Myahudi akifanya kazi iliyokatazwa siku ya Sabato kwa ajili ya wenzake, wenzake hawaruhusiwi kunufaika nayo. Angewalimia njia, na wao wasingeweza kuipita. Wema wake ungekuwa ukuta.

Niliamka kwenye kochi lake nikasikia viatu. Nikachungulia dirishani. Alikuwa anatembea. Alitoka mlangoni kwake, akapita chini ya ngazi za Yokheved, akaenda hadi mlango wa Mzee Yona, akageuka, akarudi. Mikono mfukoni, kofia ya sufi imefunika masikio. Akaenda tena, akarudi tena, akikanyaga palepale. Kutembea hakujakatazwa na sheria yoyote. Mama Mazal alifungua dirisha.

"Profesa! Unatafuta nini huko?"

"Nanyoosha miguu, Mama Mazal."

"Saa hizi?"

"Ni miguu ya zamani. Inahitaji muda."

Nyuma ya mkewe nilimwona Hakhamu, shali yake ya sala tayari mabegani. Alitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko inavyohitajika kumtazama mtu anayetembea, kisha akafunga dirisha taratibu. Sala ilipokwisha, mtoto akapita juu ya theluji iliyokanyagwa, mikononi mwa shangazi yake. Mzee Yona aliketishwa kwa mito yake, akampakata, akasikia jina lake likiitwa juu ya mtu mwingine. Profesa alisimama mlangoni, hakuingia. Alikuwa na funguo zake mfukoni, kama kila Sabato, ishara kwamba hakiri, na hakuzificha. Mzee Yona aliishi mpaka majira ya kiangazi. Yona mdogo sasa ana ndevu na anasomea uhandisi wa maji huko Haifa. Ana mtihani leo, naye ametuma salamu.

Sasa nawarudia wale wageni wangu wawili wa wakati wa kahawa.

Kwako wewe uliyesema Brodnik ni mcha Mungu asiyejijua: anajijua. Hakhamu Rahamim, mwenye haki zaidi ya kutamani neno hilo liwe kweli, alikataa kulipokea siku alipolihitaji kuliko siku yoyote. Kama Brodnik angekuwa mwamini wa siri, mtoto yule asingeupita ua ule kwa kodi ile. Ukimvika leo imani ambayo hakuwa nayo, unambatilishia mwenzake mkataba.

Na kwako mama uliyesema hawakumweza: uko sahihi kwamba hawakumgeuza. Lakini kutogeuzwa si kutoguswa. Mwaka uliofuata aliiondoa sura ya pili katika toleo jipya, na mahali pake akaweka hoja ambayo leo ndiyo inayosomwa zaidi katika kazi zake zote: kwamba wanafikra wetu waligawa nyumba na barabara, wakasahau ua. Nyumbani naweza kuamini bila kumwuliza mtu. Barabarani naweza kuwa raia bila kumweleza mtu ninachoamini. Uani siwezi lolote kati ya hayo mawili. Uani mlango wangu unafunguka mbele ya mlango wako, na ninachokikataa kinakuzuia wewe kupita. Kwa hiyo deni la kwanza la mtu wa ua, awe mwamini au asiwe, ni kusema kweli kuhusu mahali aliposimama, ili mwenzake ajue la kufanya. Anayesema anakubali kwa sababu ya adabu anaubomoa ua sawasawa na anayemwaga takataka kisimani.

Nitaongeza kwamba katika jambo moja sikubaliani na mwalimu wangu, na asingenisamehe kama ningelificha kwa kuwa ni siku yake. Yeye ameandika kwamba kukataa kulikokodishwa kunabaki kukataa kulekule, bila kupungua. Sidhani. Lalamiko alilolitoa siku ile halikujibiwa na Hakhamu. Liligeuzwa tu likaelekezwa kwake. Bado ni kweli kwamba mapokeo yetu yana njia ya kumwandalia kiti kila anayeondoka, na bado mtu ana haki ya kuudhiwa na kiti hicho. Na bado ni kweli kwamba usekula wetu una njia ya kuwazika watu walio hai. Mambo haya mawili hayafutani. Nilichokiona mimi ni wazee wawili waliokubali kuishi wakidaiana, na kila mwaka kabla ya Pasaka bakuli jipya likivuka ua kuhuisha kodi, maana tangu theluji ile ukoo wa Amedi hauutegemei waya peke yake.

Naja sasa kwenye jambo lililonifanya niombe mwenyewe kusema leo.

Profesa Brodnik anahamia Haifa kwa binti yake. Vitabu vyake vimekwisha kufungwa kwenye masanduku. Kesho, Ijumaa, anaondoka. Wengi wenu mnajua kwamba ninarithi kiti chake katika idara. Wachache mnajua kwamba nimekodi na nyumba yake. Na yeye akishatoka, sehemu aliyoikodisha inakwisha naye. Ua unabaki na mkazi mpya, na mkazi mpya lazima aulizwe.

Wiki iliyopita nilikwenda kupima madirisha kwa ajili ya mapazia. Hakhamu Rahamim alinikuta uani, akaegemea mkongojo wake.

"Binti, kabla ya mapazia. Wewe unakiri au hukiri?"

Mimi ninayefundisha somo hili, niliyeandika kulihusu, nilisimama pale na utepe wa kupimia mkononi. Nikamwambia, "Hakhamu, sijui."

"Hujui?"

"Sijui. Kuna miaka nawasha mishumaa, kuna miaka siwashi. Siwezi kukuambia nakiri, na siwezi kukuambia sikiri."

Alishusha pumzi. "Amiel alikuwa rahisi," akasema. "Anayekiri, najua la kumfanyia. Asiyekiri, najua. Lakini wewe! Nikikodi kwako, huenda unakiri, kodi yangu bure. Nikikutia kwenye mkate, huenda hukiri, mkate wangu bure. Nifanye nini na wewe kesho kutwa ikianguka theluji?"

Mama Mazal alikuwa ananing'iniza nguo. Akasema bila kugeuka, "Mwache ahamie kwanza, atajua akishakaa." Hakhamu akasema ua haungoji. Nikaomba muda mpaka siku ya sherehe hii.

Profesa, nilikuja kwako jioni hiyo kukuuliza ningejibu nini. Ulikuwa unafunga masanduku. Ulinijibu, "Lolote litakalokuwa kweli," ukaendelea kufunga kamba. Nilikasirika. Miaka yote nimekuona mkarimu wa hoja, na siku niliyohitaji moja ukaninyima. Imenichukua siku kadhaa kutambua kwamba hukuninyima kitu, kwa kuwa jibu hilo usingeweza kunipa bila kuliharibu, kama ulivyokaribia siku ile kuuharibu mkate kwa kuuwekea mkono usio wake.

Kwa hiyo, Hakhamu Rahamim, najibu hapa, mbele ya pande zote mbili za ukumbi. Leo hii, nikijipima bila kujipendelea, sikiri. Sisemi hivyo kwa kiburi, na sisemi kwamba mwakani itakuwa hivyo. Kesho kabla ya jua kuzama nitakukodisha sehemu yangu, nikitamka kwamba siamini, nawe utaipokea kwa kuwa siamini. Kabla ya Pasaka utaniuliza tena. Kama nitakuwa nimebadilika, nitakuambia, hata kama nitaona haya mbele ya wenzangu wa upande huu. Na kama sijabadilika, nitakuambia, hata kama nitakuhuzunisha wewe. Kitu kimoja tu nakuahidi bila masharti: kwenye mkate wako sitaweka mkono kwa adabu.

Naona unatikisa kichwa, Hakhamu, na kwa umbali huu siwezi kujua ni kukubali au ni shingo tu inayokuuma. Nitauliza kesho.

Profesa Brodnik, wengi wamekushukuru kwa vitabu, na vitabu vitabaki maktaba. Mimi nakushukuru kwa njia uliyoikanyaga kwa miguu yako, ambayo iliyeyuka kabla ya Jumatatu. Huko Haifa theluji haianguki. Binti yako ameniambia nyumba yake ina ua, na majirani. Hajui bado ni watu wa namna gani. Utawaambia ukweli, nao watajua la kufanya.

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, wageni wetu, wanafunzi: mmenivumilia kwa hotuba ndefu kuliko niliyoahidi, nami nawashukuru kwa kuisikiliza mpaka hapa. Mama Mazal ameniomba niwatangazie kwamba supu iko tayari ukumbi wa pili. Anasema ni zawadi, kwa wote, na hakuna mtu anayekodishwa.